Tusingoje lenzi ya milioni thelathini

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu huvuka Mto Mara na kuuvuka tena pande za Kogatende na Lamai, na kila mwaka magari ya watalii hujipanga ukingoni huku lenzi ndefu nyeupe zikichomoza madirishani. Lenzi moja ya namna hiyo, ya milimita 600 yenye tundu la f/4, ikiwa mpya huuzwa zaidi ya dola 12,000 za Marekani. Kwa shilingi ni kama milioni thelathini, yaani bodaboda mpya zipatazo kumi. Nje ya mpaka wa hifadhi, Nyanungu na Gorong'a kwa upande wa Tarime, Robanda na Nata kwa upande wa Wilaya ya Serengeti, wapo vijana wanaokula kwa kamera: picha za pasipoti, harusi, mahafali, ubatizo, misiba. Ni rahisi kijana wa huko kujihukumia kwamba picha ya Serengeti ni kazi ya mgeni mwenye fedha, yeye amebakiziwa ukumbi wa harusi. Hukumu hiyo naipinga, na naipinga kwa sababu za kiufundi kabla sijafika kwenye zile za moyoni. Lenzi za zamani za kulenga kwa mkono, zilizotengenezwa miaka ya 1960, 1970 na 1980, zikifungwa kwa adapta kwenye kamera ya kisasa iliyonunuliwa mtumba, zinaweza kumpa kijana wa Mkoa wa Mara picha za nchi yake zenye ubora wa kuchapishwa popote. Tena zinamfaa yeye kuliko zinavyomfaa mgeni, kwa sababu gharama yake kubwa hulipwa kwa muda na kwa ukaribu, na hivyo viwili anavyo tele.

Historia ndiyo shahidi wangu wa kwanza. Kamera ya kubadilisha lenzi inayojilengea yenyewe ilianza kushika soko mwaka 1985, Minolta walipotoa modeli yao ya 7000; Canon wakafuata na mfumo wa EOS mwaka 1987. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini ya mwanzo, picha za simba na nyumbu zilizoifanya Serengeti ijulikane duniani zililengwa na vidole vya mtu aliyekuwa akizungusha ringi huku amebana jicho moja. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu yao maarufu ya Serengeti kwa namna hiyo. Michael alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, kabla filamu haijaonyeshwa, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Hugo van Lawick, aliyefika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za kazi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aligeukia baadaye nyanda za Serengeti, na mwaka 1966 yeye na Goodall waliujulisha ulimwengu wa sayansi kwamba tumbusi mdogo mweupe huokota mawe kwa mdomo na kuyarusha juu ya mayai ya mbuni mpaka yapasuke. Mashine haimwonyeshi mtu jambo kama hilo. Ni lazima awe amekaa, ametazama, amejua ndege yule akiinamisha kichwa namna ile kinachofuata ni nini, na vidole viwe vimekwisha kulenga. Na isidhaniwe kwamba mambo hayo yalikwisha kamera za kujilengea zilipoingia sokoni. Nick Brandt, ambaye picha zake nyeusi na nyeupe za tembo na simba wa Afrika Mashariki zimeingia kwenye majumba makubwa ya sanaa, alizipiga kwa Pentax 67 na lenzi mbili za kulenga kwa mkono, bila lenzi ndefu hata moja. Alimsogelea mnyama kwa gari na kungoja.

Sasa, ikiwa lenzi hizo zilikuwa nzuri kiasi hicho, ziliachwaje, na zimerudije? Jibu liko kwenye milimita chache za hewa. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu au kihisi, na ukiuongeza umbali huo, haitaweza kulenga vitu vya mbali. Lenzi za skurubu ya milimita 42, ambazo mafundi huziita M42, zinataka milimita 45.46. Walizitumia Warusi kwenye Zenit, Wajerumani Mashariki kwenye Praktica na Wajapani kwenye Pentax za kwanza. Kamera za dijitali za kizazi cha kwanza zilikuwa na kioo ndani, kile kinachoruka juu unapobonyeza, na kioo kilihitaji nafasi. Kwa hiyo Nikon walibaki na milimita 46.5 zao, ambazo tayari zimepita mahitaji ya M42, na Canon na 44. Kamera mpya zisizo na kioo zimelifuta tatizo lote. Sony wana milimita 18, Nikon wa sasa wana 16, Canon wa sasa wana 20. Ukiweka lenzi ya M42 kwenye Sony, kuna pengo la milimita 27 na ushei, na kulijaza kunahitaji bomba fupi la chuma tu, lenye skurubu upande mmoja na kifungio cha Sony upande wa pili. Ndani ya bomba hilo hakuna kioo wala waya. Ndiyo adapta yenyewe, na ya kawaida haifiki dola 40. Hapa pana onyo linaloweza kumwokolea mtu fedha: mwenye kamera ya Nikon ya zamani yenye kioo asinunue lenzi za M42, kwa sababu bila kipande cha ziada cha kioo cha lenzi, ambacho huharibu picha, hataweza kulenga upeo wa macho. Mwenye Canon ya zamani ya EOS yuko salama zaidi; adapta yake ni ringi nyembamba ya milimita moja na nusu hivi, ingawa baadhi ya lenzi hugusa kioo cha ndani kwenye modeli zenye kihisi kikubwa.

Na kamera hizi mpya zimemrudishia mpiga picha msaada ambao Grzimek na van Lawick hawakuwahi kuuota. Ukizungusha ringi, kingo za kitu kilicholengwa sawasawa huwaka rangi nyekundu au njano kwenye skrini. Ukitaka uhakika zaidi, unabonyeza na jicho la swala linakuzwa likajaa skrini nzima. Kamera haitaijua lenzi, kwa hiyo ni lazima kwanza uiruhusu kwenye menyu ipige hata kama haioni lenzi, na kama ina kizuia mtikisiko ndani, uiambie umefunga milimita ngapi. Mwanga itaupima yenyewe. Tundu utalifunga wewe kwa ringi. Baada ya hapo kinachobaki ni hesabu, na hesabu hii ndiyo siri ambayo wapiga picha wa zamani waliijua kwa moyo. Chukua lenzi ya milimita 28, uifunge kwenye kamera yenye kihisi cha APS-C, yaani kile cha ukubwa wa kati, aina iliyo nyingi na nafuu kwenye soko la mtumba. Funga tundu mpaka f/8, weka ringi kwenye mita 5, kisha uache kuigusa. Kila kilichoko kuanzia mita mbili na nusu mpaka upeo wa macho kitatoka kikali. Kwa mpangilio huo unaweza kutembea sokoni Mugumu au kwenye pilikapilika za mpakani Sirari siku nzima bila kulenga hata mara moja, na utakuwa mwepesi kuliko kamera yoyote inayojilengea, kwa kuwa huna unachokingoja. Chukua sasa lenzi ya milimita 200, f/8 ileile, ulenge mita 40. Ukali unaanzia kama mita 34 na kuishia kama mita 47. Ni ukanda wa mita 13. Kwa jua la mchana la nchi iliyo digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, f/8 haikunyimi kasi: ukiwa na ISO 200 unapata shata ya 1/800 bila wasiwasi, na hiyo inasimamisha mguu wa nyumbu hewani.

Huo ukanda wa mita 13 ndio moyo wa hoja yangu. Nyumbu hawavuki mto kila mahali. Wanashuka kwenye mapito yaliyochimbwa na kwato za waliowatangulia na wanapanda ng'ambo kwenye makorongo yaleyale, mmoja nyuma ya mwingine, wakati mwingine kwa saa nzima. Anayejua korongo lipi watapandia anaweza kulenga mdomo wake kabla mnyama wa kwanza hajalowa, akaiacha lenzi hapo, na kazi yake ikabaki kuchagua sekunde. Mgeni aliyelipia siku tatu hawezi kujua hivyo, na ndiyo maana anahitaji mashine inayokimbiza kila kitu kinachopita mbele yake; ananunua kwa dola kile ambacho hana, yaani majira. Aliyezaliwa Robanda anajua nyumbu wakifika Ikoma majani yanakuwa ya rangi gani. Anajua tembo hutokea upande gani kuingia mashambani mahindi yakikomaa. Anajua vumbi la saa kumi na mbili jioni linapanda wapi likachomwa na jua kutoka upande wa ziwa. Maarifa hayo yameitwa ya kawaida kwa muda mrefu mno, na kwa lenzi ya mkono yanageuka kuwa sehemu ya chombo chenyewe, sawa na shata na tundu.

Hewa nayo inaunga mkono hoja hii, jambo ambalo wauza lenzi hawalisemi sana. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, joto linalopanda kutoka ardhini hufanya hewa ya nyandani itetemeke. Ukimpiga simba aliye mita 200 kwa lenzi ya milioni thelathini, utapata manyoya yaliyoyeyuka kama samli, kwa sababu umepiga picha kupitia mita 200 za hewa inayochemka. Hakuna kioo kinachotibu hilo. Dawa ni kuwa karibu au kuwa mapema, na mapema ni rahisi kwa anayelala jirani.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba duma hangojei. Ni kweli. Duma anayekimbia kuja upande wako, kozi anayeshuka, popo wa jioni: hao kamera mpya ya kujilengea itawapata mara tisa kati ya kumi, na mkono utawapata kwa bahati. Sitaki kumdanganya kijana kwamba mazoezi yatamfikisha hapo. Anayetaka kuishi kwa picha za ndege wanaoruka anunue lenzi ya kisasa, akope, afanye afanyavyo. Lakini tuulize ni sehemu gani ya maisha ya Mara iliyo duma anayekimbia. Tembo wanaovuka shamba hawakimbii. Mawe makubwa ya Serengeti, ambayo wachunga wameyafanya alama tangu zamani, hayakimbii. Mzee anayepiga ala ya litungu amekaa kwenye kigoda. Wachimbaji wadogo wa Nyamongo wanaotoka shimoni wamechoka, wanatembea taratibu. Hata mnyama mwenyewe, sehemu kubwa ya siku yake ni kulala, kucheua, kunusa, kuangalia. Tumekubali kupimwa na picha moja ya mbio, kisha tukaona hatuna chombo cha kuipata, tukaacha na zile tisini na tisa ambazo chombo chake kinapatikana kwa chini ya dola 100.

Pingamizi la harusi ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa chakula cha mtu. Bibi harusi anaingia ukumbini, taa ni hafifu, ndugu wamejaa njiani, mshereheshaji anapiga kelele, na mteja hatasikia habari za ringi ya Kirusi ikiwa picha ya kuingia imetoka na ukungu. Hapo nakubali bila kubishana: kwenye mkoba wa mpiga picha wa harusi lazima kuwe na lenzi moja ya kujilengea, hata ile ndogo inayouzwa pamoja na kamera. Ila lenzi hiyo ndogo ina tundu finyu, f/5.6 ukiivuta mwisho, na kwa taa za ukumbi wa Tarime inailazimisha kamera ipandishe ISO mpaka ngozi ionekane kama imepakwa mchanga. Lenzi kuukuu ya milimita 50 yenye f/1.8, au Helios 44 ya milimita 58 yenye f/2, inaingiza mwanga mara nane au zaidi ya ule. Helios hiyo ilinakiliwa na Warusi kutoka Biotar ya Zeiss wa Ujerumani, ikatengenezwa kwa mamilioni, na inasifika kwa jinsi majani na taa za nyuma zinavyozunguka kama kimbunga kumzunguka mtu aliyesimama katikati. Picha za maharusi wawili wakiwa wamesimama bustanini baada ya ibada, ambazo ndizo zitakazoning'inizwa sebuleni miaka ishirini, zinapigwa na watu waliotulia. Hapo mkono una nafasi yote.

Kisha kuna vumbi, unyevu na ubovu, mambo ambayo mtu wa Mara anayajua kuliko mwandishi yeyote wa majarida ya kamera. Lenzi ya zamani isiyovutika, yaani yenye urefu mmoja tu wa milimita usiobadilika, ina sehemu chache za kuingiza vumbi. Zile za kusukuma na kuvuta, maarufu miaka ya 1980, zinavuta hewa kama mvukuto, na za namna hiyo naomba ziachwe dukani. Fangasi ni adui wa kweli, hasa nyanda za juu za Tarime zenye ukungu wa asubuhi. Kabla ya kununua, fungua tundu lote, umulike tochi kupitia upande wa nyuma na utazame kama kuna nyuzi kama za buibui. Angalia mabamba ya tundu kama yana mafuta. Zungusha ringi uone kama inakwenda laini bila kukwama. Ukishainunua, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyotupwa na maboksi ya viatu. Lenzi fulani za Pentax za enzi hizo, kama Super-Takumar ya milimita 50 yenye f/1.4, zilitiwa madini ya thoriamu kwenye kioo na sasa zimekuwa za njano kama chai. Ukiziacha juani siku kadhaa rangi inaondoka, na jua hatuna shida nalo. La maana zaidi ni ubovu. Lenzi ya kujilengea ina mota, bodi ya umeme na waya mwembamba kama karatasi. Ikifa Mugumu, safari yake ni Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi gharama ya fundi inakaribia bei ya nyingine. Lenzi ya mkono ni vioo, skurubu, grisi na mabamba. Fundi saa mwenye subira na bisibisi ndogo anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha. Chombo ambacho kinaweza kutengenezwa ulipo ni chako kweli; kile ambacho lazima kisafirishwe kikiumwa, sehemu yake inabaki mikononi mwa wengine.

Nimesikia pia hoja ya heshima: kwamba kuwaelekeza vijana wetu kwenye lenzi zilizotupwa Ulaya na Japani ni kuwaongezea rundo la mitumba. Hoja hii ina uzito kwenye nguo, kwa sababu shati la mtumba linamnyang'anya fundi cherehani wa hapa na kiwanda cha hapa riziki. Kwenye lenzi hakuna wa kunyang'anywa. Hakuna kiwanda cha lenzi za kamera Afrika Mashariki, na lenzi mpya nayo inatoka kulekule. Kioo kilichosagwa vizuri mwaka 1975 hakichuji rangi wala hakipauki kama kitambaa. Kinachozeeka zaidi ni grisi. Mwingine atasema: kama kulenga kwa mkono ni kuzuri hivyo, kwa nini asinunue lenzi mpya za mkono, maana Wachina wanazitengeneza sasa, ndogo na nafuu? Sina ugomvi naye hata kidogo. Ninachotetea ni mkono unaolenga, wala siutukuzi uzee. Kwa lenzi fupi za matembezi hizo mpya zinaweza kuwa chaguo bora, hazina fangasi na zina kifungio cha kamera bila adapta. Lakini ukitaka milimita 135 au 200, lenzi za kuanzia kumfikia mnyama, soko la zamani bado halina mpinzani kwa bei. Na kwenye kihisi cha APS-C, 135 inaonyesha kama 200 na 200 inaonyesha kama 300.

Kuhusu simu nitasema machache. Simu ni kamera nzuri, na picha nyingi za Mara za miaka kumi hii zimepigwa nayo. Lakini kihisi chake ni kidogo kuliko ukucha, mnyama wa mita 40 anatoka kama mchoro wa mafuta, na programu ndani yake ndiyo inayoamua uso wa mtu uwe mweupe kiasi gani. Kwa ngozi zetu uamuzi huo si jambo dogo.

Ukaribu nilioutaja mwanzo una upande mwingine, mgumu zaidi, unaohusu watu. Lenzi ya milimita 50 au 58 inakuweka mita mbili au tatu kutoka kwa unayempiga. Huwezi kuiba picha kwa lenzi hiyo. Ni lazima uonekane, ujulikane, ukaribishwe. Kwa nchi ya Wakurya na majirani zao Waikoma, Wanata na Wangoreme, nchi ambayo kwa miaka mingi imepigwa picha kutoka madirishani mwa magari, nafikiri huu ni ubora. Mzee mwenye masikio yaliyotobolewa na kuvutwa, alama ya kizazi kinachoondoka, akipigwa na mjukuu wa jirani aliyekaa naye baraza moja, anaangalia kamera kwa namna ambayo hajawahi kumwangalia mtalii. Lakini ukaribu huo unadai adabu kali. Msimu wa tohara una fahari yake na nyimbo zake kwa wavulana, na una jeraha lake: ukeketaji wa wasichana, ambao sheria inaukataza na ambao makao ya hifadhi ya wasichana mkoani Mara yamekuwa yakipambana nao. Picha inayomtambulisha msichana wa namna hiyo isipigwe, na ikipigwa kwa bahati mbaya ifutwe, hata kama ni nzuri kiasi gani. Ndani ya hifadhi nako kuna taratibu: picha za biashara zina vibali vyake, na anayetaka kuuza kazi yake aanze kwa kuuliza ofisini. Lakini ardhi ya vijiji, masoko, mashamba na maeneo ya jumuiya za wanyamapori kama Ikona yana maisha ya kutosha kumpa mtu kazi ya miaka kumi bila kuvuka lango.

Limebaki la fedha, kwa kuwa hata dola 100 ni fedha, na ushuru na usafirishaji vinaweza kupita bei ya lenzi yenyewe mtu akiagiza moja moja. Hapa lenzi hizi zina sifa moja ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha: hazina kabila la kamera. Lenzi ileile ya M42 inaingia kwenye Sony ya huyu na Canon ya yule, mradi kila mmoja awe na adapta yake. Lenzi za kisasa hazikubali undugu huo kirahisi. Halmashauri zote nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na Halmashauri ya Wilaya ya Tarime inapokea ushuru wa huduma kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Kikundi cha vijana watano kinaweza kuandika andiko la kamera mbili za mtumba zisizo na kioo, lenzi za milimita 28, 58, 135 na 200, adapta za kutosha, kompyuta moja na ndoo ya kuhifadhia. Jumla yake haifiki robo ya ile lenzi moja nyeupe ya kule mtoni. Maofisa maendeleo ya jamii wamezoea maandiko ya bodaboda, tofali na kuku, na kuna hatari waione kamera kuwa anasa. Naomba waisome kwa maswali yaleyale wanayoiuliza pikipiki: mali hii itadumu miaka mingapi, itatengenezwa wapi ikiharibika, na nani atawafundisha. Mawili ya kwanza nimeyajibu. La tatu lina watu wake. Kila mji wa nchi hii ulikuwa na studio za filamu, zenye pazia la rangi nyuma na chumba cha giza cha kusafishia, na waliozifanyia kazi walikadiria mwanga kwa jicho na umbali kwa hatua, wakiwa na filamu ya picha 36 isiyoruhusu kubahatisha. Simu zilipokuja walifunga milango, wengine wakaenda shamba. Hawa ndio walimu, na wengi wao wamekwisha kuwa wazee. Vikundi vikiundwa, viwatafute wao kabla ya kuagiza lenzi ya kwanza.